Barakoa, Karantini na Masharti ya Safari: Bonde la Kilombero katika Kipindi cha UVIKO-19

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwezi Machi 2020, maneno matatu yaliyokuwa yakisikika kwa nadra yaliingia katika mazungumzo ya kila siku ya Watanzania: barakoa, karantini na kitakasa mikono. Katika mji wa Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, maneno hayo yaliwakuta wananchi wakiwa katika msimu wa kilimo cha mpunga, wakati ambao familia nyingi huwa zimehamia mashambani na barabara nyingi za vijijini huwa zimelowa maji ya masika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa ugonjwa huo si tena dharura ya afya ya kimataifa. Hata hivyo, kanuni zilizotumika bado ni sehemu ya utaratibu wa nchi wa kukabiliana na magonjwa ya mlipuko, kama ilivyoonekana wakati wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na 2025, na baada ya kuthibitishwa kwa wagonjwa wa Mpox nchini mwezi Machi 2025. Makala haya yanaeleza maana ya kanuni hizo, namna zilivyotekelezwa nchini, na kwa nini utekelezaji wake katika bonde kama la Kilombero una mazingira yake ya pekee.

Mtiririko wa hatua zilizochukuliwa nchini

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, Ummy Mwalimu. Alikuwa msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30 pamoja na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya hadhara. Vyuo vilifungwa mara baada ya hapo.

Kuanzia tarehe 23 Machi 2020, wasafiri waliotoka katika nchi zilizoathirika zaidi walitakiwa kukaa karantini kwa siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Mwezi Aprili safari za ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa. Ndani ya nchi, mabasi na daladala yalielekezwa kubeba abiria waliokaa tu, utaratibu ambao wananchi waliuita "leveli siti", na vituo vya mabasi, masoko, nyumba za ibada na ofisi viliwekwa ndoo za maji na sabuni milangoni.

Tofauti na baadhi ya nchi jirani, Tanzania haikuwafungia wananchi wake majumbani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na Rwanda na Uganda zilizuia kwa muda shughuli nyingi pamoja na usafiri wa ndani. Serikali ya Awamu ya Tano ilieleza kuwa wananchi wengi hutegemea kipato cha siku, hivyo kazi za uzalishaji ziendelee sambamba na tahadhari.

Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21 kwa Tanzania Bara na Zanzibar. Tarehe 18 Mei 2020 zuio la ndege na sharti la karantini ya siku 14 viliondolewa. Vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea masomoni tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni 2020.

Awamu ya pili ya hatua ilianza mwaka 2021 chini ya Serikali ya Awamu ya Sita. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu iliyowasilisha taarifa yake mwezi Mei 2021. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021, kila msafiri aliyeingia nchini alitakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya safari. Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia alizindua utoaji wa chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe Ikulu, Dar es Salaam, baada ya nchi kupokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kupitia mpango wa COVAX. Mwezi Machi 2022, wasafiri waliokamilisha chanjo waliondolewa sharti la cheti cha PCR.

Mazingira ya Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero lipo kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za Mahenge upande wa kusini mashariki. Sehemu yake ya tambarare inayofurika maji, yenye ukubwa wa hekta 796,735, iliorodheshwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mto Kilombero hukusanya maji ya vijito vingi kutoka milimani na kuungana na Mto Luwegu kuunda Mto Rufiji.

Mji wa Ifakara ndio kitovu cha bonde hilo. Mabasi hufika kutoka Dar es Salaam na Morogoro kupitia Mikumi, Kidatu na Mang'ula, na treni za TAZARA husimama Ifakara na Mlimba zikielekea Makambako, Mbeya na Zambia. Tangu mwaka 2018, Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 linauunganisha mji huo na wilaya za Ulanga na Malinyi, ambako kabla ya hapo abiria na mizigo walivushwa kwa kivuko. Wafanyabiashara wa mchele hufika kutoka mikoa mbalimbali wakati wa mavuno, vibarua huja kuvuna mpunga na kukata miwa Kidatu, wavuvi huhamahama katika kambi za mtoni, na wafugaji hupita na mifugo yao. Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga na Wahehe wanaishi humo pamoja na jamii nyingi zilizohamia baadaye.

Mwingiliano huo ndio uhai wa uchumi wa bonde, na ndio pia njia ambayo ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa husafiri. Zuio kali la safari wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, lingemaanisha mpunga kubaki shambani au kununuliwa kwa bei ya chini kwa kukosa wanunuzi. Kwa upande mwingine, kuacha safari ziendelee bila tahadhari kungefanya ugonjwa ufike katika vijiji vilivyo mbali na hospitali. Uamuzi wowote ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na kaya ambazo akiba yao yote huwa ghalani au bado ipo shambani.

Hata hatua zilizochukuliwa na nchi nyingine zilikuwa na uzito kwa bonde hili. Mwezi Mei 2020, Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde unaopakana na Tunduma, na Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa magari ya mizigo. Masharti hayo yaligusa njia zinazopeleka mazao ya nyanda za kusini katika masoko ya nje. Utalii nao ulipungua duniani kote, jambo lililogusa maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao yake makuu Mang'ula.

Barakoa: kazi yake na matumizi sahihi

Barakoa hupunguza matone na chembe ndogo za majimaji zinazotoka mdomoni na puani mtu anapoongea, anapokohoa au anapopiga chafya. Faida yake ya kwanza ni kumzuia mgonjwa asiyejijua asiwaambukize wengine, na faida ya pili ni kumkinga mvaaji kwa kiasi fulani. Mwanzoni mwa mlipuko, WHO ilisisitiza barakoa zitengwe kwa ajili ya watumishi wa afya na wagonjwa kutokana na uhaba. Tarehe 5 Juni 2020 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya uliopendekeza barakoa za kitambaa zenye tabaka tatu kwa watu walio katika mikusanyiko au usafiri wa umma ambako umbali hauwezi kuzingatiwa.

Nchini, mafundi cherehani waliitikia kwa kushona barakoa za vitambaa vya pamba na vitenge, na bidhaa iliyokuwa ikipatikana maduka ya dawa pekee ikauzwa sokoni na stendi. Barakoa ya kitambaa ilikuwa nafuu kwa kaya ya mkulima kwa sababu hufuliwa na kutumika tena, lakini unafuu huo una masharti. Barakoa inapaswa kufunika pua na mdomo hadi chini ya kidevu. Ifuliwe kwa maji na sabuni kila siku. Ikaushwe juani au ipigwe pasi. Na ibadilishwe inapolowa. Kuazimana barakoa mlangoni mwa ofisi ili kila mmoja apate kuhudumiwa hubeba ugonjwa badala ya kuuzuia.

Joto na unyevunyevu wa bonde hufanya barakoa ilowe jasho haraka, hasa kwa mtu anayefanya kazi nzito. Kwa sababu hiyo ni muhimu kutambua inapohitajika zaidi. Mkulima aliye peke yake shambani, kwenye hewa inayopita, hana sababu ya kuivaa. Anayepanda basi lililofungwa madirisha, anayesubiri huduma katika chumba cha zahanati, anayesimama kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga au anayemuuguza mgonjwa ndani ya nyumba ndiye anayeihitaji. Kufungua madirisha ya basi au ya darasa ni hatua isiyo na gharama inayoongeza nguvu ya barakoa.

Unawaji mikono ulikuwa rahisi zaidi kukubalika, kwa kuwa bonde lilikuwa na kumbukumbu ya kipindupindu. Utafiti uliofanyika baada ya mlipuko wa mwaka 1997 Ifakara ulihusisha ugonjwa huo na kuoga mtoni, kuishi mbali na chanzo cha maji na kula samaki wakavu, na vimelea vilipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha mji. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji kinachoinamishwa kwa kamba na mguu bila kushikwa kwa mikono, ni teknolojia rahisi ambayo kila kaya inaweza kuitengeneza kwa dumu, kamba na vijiti.

Karantini na kutengwa: tofauti ya maneno mawili

Katika matumizi ya kawaida maneno haya huchanganywa, ingawa kitaalamu yana maana tofauti. Karantini ni kumweka kando mtu ambaye haumwi lakini alikuwa karibu na mgonjwa au ametoka eneo lenye mlipuko, ili kuona kama dalili zitajitokeza. Kutengwa ni kumweka mgonjwa aliyethibitika mahali pake ili atibiwe bila kuambukiza wengine. Neno karantini lina asili ya bandari za Italia za karne ya 14 na 15, ambako meli zilisubiri siku 40 kabla ya kushusha watu na mizigo. Kwa UVIKO-19 muda uliwekwa kuwa siku 14 kwa sababu dalili nyingi hujitokeza ndani ya kipindi hicho tangu mtu aambukizwe.

Nchini Tanzania, msingi wa kisheria wa hatua hizi ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayoweka utaratibu wa kutoa taarifa za magonjwa ya kuambukiza na mamlaka ya kuyadhibiti. Kimataifa, nchi zinaongozwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, zinazotaka hatua za afya zisizuie safari na biashara kupita kiasi kinachohitajika.

Ifakara ina historia ndefu katika suala la kutenga wagonjwa. Kituo cha Nazareti kilichopo mjini humo kilihudumia watu wenye ukoma katika nyakati ambazo ugonjwa huo ulimaanisha kuishi mbali na ndugu. Dawa mseto zilizoanza kutumika duniani katika miaka ya 1980 ziliondoa haja ya kuwatenga wagonjwa, kwa kuwa aliyeanza matibabu hupoteza haraka uwezo wa kuambukiza. Pamoja na hayo, unyanyapaa uliendelea kuwaandama hata waliopona. Fundisho lake ni kwamba kutengwa kunapaswa kuwa na tarehe ya mwisho inayojulikana na kila mtu, na mtu anapomaliza siku zake arudi kuwa jirani kama wengine. Familia inayojua kuwa itanyooshewa kidole itamficha mgonjwa.

Ugumu wa karantini katika kaya za vijijini

Karantini ya hotelini, iliyowahusu wasafiri wa kimataifa, haifanani na karantini ya nyumbani kijijini. Kaya inayolala katika vyumba viwili, inayochota maji kisima kimoja na majirani na kula katika sinia moja haiwezi kumtenga mtu kwa kumwambia akae chumbani kwake. Maelekezo yanayofaa ni yale yanayoanza na hali halisi: mtu alale karibu na dirisha au barazani penye chandarua, awe na sahani na kikombe chake, amhudumiwe na mtu mmoja asiye mzee wala mgonjwa wa muda mrefu, na jirani au ndugu amchotee maji na kumpelekea kuni.

Bonde la Kilombero lina desturi inayoweza kusaidia. Katika msimu wa kilimo, familia nyingi huhamia katika nyumba za shambani zilizo kwenye tambarare, mbali na kijiji, ili kulima na kuamia ndege. Nyumba hizo huwapa watu umbali wa asili kati ya kaya na kaya. Lakini umbali huo huo una hatari zake: mbu ni wengi, zahanati iko mbali, na taarifa huchelewa kufika. Mtu aliyejitenga shambani akiwa peke yake anaweza kuzidiwa bila kuonekana. Ndiyo sababu mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanapaswa kufahamu nani yuko wapi, na kumtembelea au kumpigia simu kila siku.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, familia za aina hii zilikabiliwa na suala jingine. Kwa kawaida watoto wa shule hubaki kijijini wakiangaliwa na ndugu wakubwa au bibi na babu wakati wazazi wapo mashambani. Kufungwa kwa shule kuliwaweka wazazi mbele ya machaguo mawili: kuwaacha watoto kijijini bila masomo wala uangalizi wa mwalimu, au kuwachukua shambani ambako vipindi vya masomo vya redio na televisheni havifiki kwa urahisi. Baadaye, kupitia Shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, hatua iliyolenga pia kupunguza msongamano wa wanafunzi.

Suala zito zaidi ni msiba. Desturi za mazishi huwataka ndugu wafike, wakeshe na kufarijiana, na kutofika huchukuliwa kuwa ni kukosa utu. Ushauri wa wataalamu katika mlipuko ni mazishi yahudhuriwe na watu wachache, matanga yafupishwe, na waombolezaji wakae nje wakiwa wameachiana nafasi. Utekelezaji wake hufanikiwa pale viongozi wa dini na wazee wa ukoo wanaposhirikishwa mapema, wakaeleza kuwa rambirambi inaweza kutumwa kwa simu na ibada ya kumbukumbu kufanyika hali itakapotulia.

Homa: malaria au ugonjwa mwingine?

Katika bonde lenye malaria, homa ni dalili isiyotosha kutofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya utafiti iliyoanzishwa na wanasayansi wa Uswisi katika miaka ya 1950, imeutumia mji huo kuchunguza mbu na malaria kwa miongo mingi, ikiwamo tafiti za vyandarua vyenye viuatilifu. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko ndiyo inayopokea wagonjwa wengi kutoka Kilombero, Ulanga na Malinyi.

Hofu ya kuwekwa karantini inaweza kumfanya mzazi achelewe kumpeleka hospitali mtoto mwenye homa, na malaria kali humuua mtoto ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza kwa kipimo cha haraka, hata katikati ya mlipuko wa ugonjwa mwingine. Kujifukiza kwa mvuke wa majani, maarufu kama nyungu, kulitumiwa na wananchi wengi kupata nafuu ya mafua, lakini hakuchukui nafasi ya kipimo wala matibabu, na maji ya moto yanaweza kuwaunguza watoto.

Mambo ya kuzingatia mlipuko unapotangazwa

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kufuata taarifa za Wizara ya Afya, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya na vyombo vya habari vinavyotambulika, na kupiga simu namba 199 bila malipo kwa maelezo zaidi.

2. Kuuliza kabla ya safari masharti ya mahali unakokwenda. Msafiri wa kimataifa anayetoka Ifakara ahesabu muda wa safari ya kwenda Dar es Salaam anapopanga siku ya kupima, kwa kuwa cheti chenye ukomo wa saa 72 kinaweza kuisha muda akiwa njiani.

3. Kuweka akiba ya chakula, sabuni na dawa za magonjwa ya muda mrefu kwa wiki mbili, hasa kwa wenye kisukari, shinikizo la damu, VVU na kifua kikuu.

4. Kuendelea kutumia chandarua na kuhudhuria kliniki ya wajawazito na watoto kwa tarehe zilizopangwa.

5. Kuandika majina na namba za simu za watu uliokutana nao iwapo umeambiwa kuwa ulikuwa karibu na mgonjwa, ili wahudumu wa afya wawafuatilie kwa wakati.

6. Kumsaidia jirani aliye karantini kwa maji, chakula na kazi za shambani, bila kumtangaza wala kumkejeli.

Wasimamizi wa mabasi, masoko na mashine za kukoboa mpunga nao wana wajibu wa kuhakikisha maji na sabuni vinapatikana muda wote na kwamba wateja hawasongamani. Ndoo iliyowekwa mlangoni bila maji haimkingi mtu. Kwa upande wa halmashauri, mpango wa dharura wa bonde unapaswa kuzingatia kalenda ya mpunga: sharti linalowezekana mwezi Septemba, ghala zikiwa na chakula, linaweza kuwa mzigo usiobebeka mwezi Machi, wakati akiba imepungua na mpunga ungali mbichi shambani.